Prosesa Inayochemka Dakika ya 20: Kisa cha Mashine Iliyopakwa Pesti Mara Mbili Bure

Ujumbe ulikuwa mfupi: "Kaka, mashine inachemka. Nimebadilisha pesti mara mbili. Ninunue prosesa nyingine?" Chini yake kulikuwa na picha ya skrini, gemu imeganda katikati ya mapigano, na kwenye kona ya juu namba nyekundu ya joto la prosesa: digrii 90. Pesti ni ile krimu ya kupitisha joto inayopakwa kati ya prosesa na kipozea chake.

Mwenye mashine ni binamu yangu. Nimeamua kukiandika kisa chake kwa urefu kwa sababu mbili. Ya kwanza, dalili zake ni zile ambazo karibu kila anayecheza gemu kwenye kompyuta ya mezani atakutana nazo siku moja. Ya pili, mimi mwenyewe nilipotea njia jioni nzima, na nilipotea kwa kufuata ushauri uleule ambao ningempa mtu mwingine yeyote.

Mashine yenyewe ni hii: prosesa ni Ryzen 7 5800X, yenye viini 8 vya kufanyia kazi, toleo la mwishoni mwa 2020. Juu yake kuna hitisinki, yaani kipozea cha prosesa, ya hewa na ya minara miwili, mabomba ya shaba na mapezi ya alumini, kubwa kiasi cha kuziba nusu ya mazabodi, ile bodi kuu. Kadi ya michoro ni ya kula wati 300 ikiwa kazini. Kasha lina kioo ubavuni na kioo kingine mbele, feni mbili nyuma ya kile kioo cha mbele, na feni moja mgongoni.

Malalamiko: gemu inaanza vizuri kabisa. Baada ya robo saa hivi mwendo unaanza kukatika; ukigeuka ghafla picha inasita, inaruka, inasita tena. Feni zinavuma mpaka mtu wa chumba cha pili anauliza kuna nini. Ukitoka kwenye gemu na kusubiri kidogo, mambo yanatulia. Ukirudi, robo saa nyingine na hadithi ni ileile. Mashine haijawahi kujizima, wala skrini ya bluu haijatokea.

Hilo la kutojizima si dogo. Prosesa za siku hizi zikigusa kikomo cha joto hazifi wala hazizimiki; hujipunguzia volteji na kasi mpaka joto libaki palepale kwenye mstari. Kuzima kabisa ni ulinzi wa mwisho, uliowekwa juu zaidi ya hapo. Kwa hiyo mashine inayozimika pu katikati ya gemu huwa naiangalia kwanza pawa saplai, kile kisanduku kinachogawa umeme, na ile inayokatika mwendo bila kuzimika ndiyo huanza nayo kwenye joto.

Je, 90 ni homa?

Watu hulirukia swali hili. Namba peke yake haisemi kitu mpaka ujue ni ya prosesa gani. AMD wameiwekea 5800X kikomo cha digrii 90. Mdogo wake wa kizazi hichohicho, 5600X, kikomo chake ni 95. Zile za mfululizo wa Ryzen 7000 zenye X mwishoni zimetengenezwa makusudi zipande hadi 95 zikibebeshwa mzigo wa viini vyote, na zikae hapo bila tatizo. Core za Intel za mezani za kizazi cha 12 hadi cha 14, kwa sehemu kubwa, kikomo chake ni 100. Mtu mwenye 7700X anayeona 95 akitengeneza video, na mtu mwenye 5800X anayeona 90 akicheza gemu, wanaonekana wagonjwa wa aina moja. Wa kwanza ni mzima.

Wa pili ni mgonjwa, na sababu iko kwenye wati. Wengi wanaamini gemu ndiyo kazi nzito kuliko zote kwa prosesa. Sivyo. Gemu huchosha viini vichache na kuviacha vingine vikisubiri. 5800X kwenye gemu nyingi hula kati ya wati 70 na 100. Kazi za kuchora picha kwa viini vyote vinane huisukuma mpaka kwenye dari lake la kiwandani, wati 142 kwenye soketi, hata kama boksi limeandikwa 105. Kama inavumilia 142, kwa nini ishindwe na 90?

Swali hilo ningelijiuliza siku ya kwanza. Badala yake nilichukua bisibisi.

Jioni iliyopotea

Nilifika nikiwa na jibu mfukoni. Mtu aliyepaka pesti mwenyewe mara mbili na bado inachemka, basi ameipaka vibaya, au amesahau ile karatasi ya plastiki chini ya hitisinki, au skrubu moja imekaza kuliko nyenzake na hitisinki imekaa upande. Makosa haya yapo na ni ya kawaida sana. Kabla ya kufungua chochote nilifanya jambo moja la maana, nikaendesha Cinebench R23, programu ya kupima prosesa kwa kubebesha mzigo viini vyote, kwa dakika zake 10 ili nipate namba ya kulinganishia. Ilitoa digrii 84.

Kisha nikafungua. Hapa kuna onyo kwa wenye soketi ya AM4, ambayo ndiyo ya 5800X, kwa sababu pini ziko kwenye prosesa yenyewe na si kwenye mazabodi. Pesti ikishakauka hushika kama gundi. Ukiivuta hitisinki moja kwa moja juu, inaweza kung'oka na prosesa ikiwa imening'inia chini yake, hali mkono wa soketi bado umefungwa, na pini zikapinda. Ipashe mashine moto kwanza kwa dakika kadhaa za kazi, zima, chomoa waya, halafu izungushe hitisinki kidogo kushoto na kulia mpaka uisikie ikiachia. Ndipo uinue.

Ilitoka salama. Pesti ya binamu yangu ilikuwa imetandazwa vizuri, nyembamba, kona zote zimefikiwa. Plastiki hakuna. Alama ya mgandamizo ilikuwa sawa pande zote. Kusema kweli ilikuwa safi kuliko ninavyopaka mimi. Hata hivyo niliifuta, nikapaka yangu, nikafunga skrubu kwa kupokezana upande huu na huu, nikarudia Cinebench.

Digrii 83.

Jioni nzima kwa digrii moja, na tofauti ya digrii moja inaweza kuletwa na mtu kufungua mlango. Tukawasha gemu, na dakika ya 20 namba ikawa ileile nyekundu.

Kusoma saa kabla ya kusoma digrii

Siku iliyofuata sikugusa bisibisi. Niliweka HWiNFO, programu ya kusoma sensa za mashine, irekodi kila sekunde mbili: joto la prosesa, wati zake, kasi yake, na joto na wati za kadi ya michoro. Nikaongeza vipimajoto viwili vidogo vya waya, kimoja nikakining'iniza ndani ya kasha mbele ya feni ya hitisinki, kingine nikakiweka mezani mbali na mashine. Cha mezani kilisoma 25 na kikabaki karibu na hapo jioni yote.

(Kuhusu sensa, maneno machache. Ukifungua programu ya aina hii utakutana na majina kumi ya joto na mengine hayahusu prosesa kabisa. Zaidi ya hapo, baadhi ya Ryzen za kwanza kabisa, kama 1800X, ziliripoti kwa makusudi digrii 20 juu ya joto halisi ili feni ziwahi kuamka, na watu wakahangaika na homa isiyokuwepo. Hakikisha unasoma namba inayohusika kabla ya kuhuzunika.)

Tukaanzisha gemu na kuiacha dakika 25. Nilipoichora rekodi kwenye grafu, kisa kizima kilikuwa pale.

Joto la prosesa halipandi kwa mwendo mmoja. Linapanda kwa hatua tatu, na kila hatua ina saa yake. Hatua ya kwanza ni ya sekunde: mzigo ukiingia tu, namba inaruka. Mruko huo ni joto likitoka kwenye kipande cha silikoni, likipita kwenye kifuniko cha chuma na pesti mpaka kwenye kitako cha hitisinki. Pesti mbaya, plastiki iliyosahaulika, hitisinki iliyokaa upande, yote hujionyesha hapa, ndani ya sekunde tano za kwanza. Hatua ya pili ni ya dakika mbili tatu: shaba na alumini zenyewe zinapata moto mpaka feni yake inaanza kutoa joto sawa na linaloingia. Hatua ya tatu ni ya robo saa na zaidi, na hiyo haihusu prosesa wala hitisinki. Ni hewa ya ndani ya kasha, mabati yake na vioo vyake vinavyopashwa taratibu na kila kilichomo.

Grafu ya binamu yangu: sekunde chache za kwanza ilitoka 38 ikaruka hadi 58. Dakika ya 3 ilikuwa 68. Kama ingesimama hapo ningemwambia mashine yako ni nzima kuliko yangu. Haikusimama. Iliendelea kupanda polepole: dakika ya 12 ilikuwa 86, dakika ya 20 ikagota 90, na hapo kasi ikaanza kushuka kutoka gigahezi 4.6 hadi 4.2 hivi. Ndiyo kule kusitasita alikokuwa anakuona. Digrii 22 zilipandishwa na hatua ya tatu peke yake.

Grafu ya Cinebench, niliyoiendesha tena siku hiyo, haikufanana nayo. Kuruka hadi 72, dakika ya 3 ikawa 82, dakika ya 10 ikawa 84. Hatua ya tatu ilikuwa digrii mbili tu, ingawa prosesa ilikuwa inakula wati 140.

Tofauti kati ya majaribio hayo mawili ni nini? Kwenye Cinebench kadi ya michoro imelala. Kwenye gemu inamwaga wati 300 ndani ya kasha lilelile.

Hesabu ndogo

Hapa kipimajoto cha ndani ya kasha kilistahili heshima. Wakati wa Cinebench hewa mbele ya hitisinki ilikuwa 28. Prosesa 84, hewa 28, tofauti 56, gawanya kwa wati 140: digrii 0.4 kwa kila wati. Hiyo ndiyo tabia ya hitisinki ile pamoja na pesti yake, na haibadiliki sana kwa sababu umefungua gemu.

Sasa peleka namba hiyo kwenye gemu. Wati 90 mara 0.4 ni digrii 36 juu ya hewa inayoingia kwenye hitisinki. Ongeza digrii nne hivi, kwa sababu kwenye gemu kazi inabanwa kwenye viini vichache vinavyokimbia kwa volteji ya juu, na 5800X imebeba viini vyake vinane vyote kwenye kipande kimoja cha silikoni cha milimita za mraba 80 na kidogo, hivyo joto linatokea kwenye eneo finyu. Jumla digrii 40 juu ya hewa.

Dakika ya 12 hewa mbele ya hitisinki ilikuwa 46. Arobaini na sita na arobaini ni 86. Dakika ya 20 hewa ilikuwa 50. Hamsini na arobaini ni 90.

Niliikagua hesabu mara mbili, kwa sababu mambo huwa hayakai sawasawa hivi. Lakini maana yake ilikuwa wazi: hitisinki ilikuwa inafanya kazi yake yote, na pesti pia. Walipewa hewa ya digrii 50 wapoozee, nao wakapoozea kwa hiyo.

Ndipo nilipoangalia safu ambayo hakuna aliyekuwa ameiangalia, kadi ya michoro. Nayo ilikuwa 84. Binamu yangu alikuwa ameweka kwenye skrini namba ya prosesa peke yake, basi kwake mgonjwa alikuwa mmoja. Vitu viwili visivyogusana, vyenye hitisinki tofauti na pesti tofauti, vikiugua saa moja, tafuta wanachoshirikiana. Wanashirikiana hewa.

Kioo cha ubavu na kipande cha karatasi

Jaribio lililofuata halihitaji chochote. Tulifungua kioo cha ubavuni, tukacheza tena dakika 20. Prosesa 74, hewa 34, kadi ya michoro 73. Digrii 16 zilipotea kwa kutoa skrubu nne, na kasi ikabaki 4.6 mwanzo hadi mwisho.

Kuna watu huishia hapa na kucheza na kasha likiwa wazi siku zote. Siwalaumu, ila vumbi litawatembelea, na bado hujajua kilichoziba. Kufungua ubavu ni kipimo kizuri kwa sababu kinagawa dunia mara mbili: joto likishuka sana, tatizo ni hewa ya kasha, lisiposhuka, au likishuka digrii mbili tatu, rudi kwenye hitisinki.

Tulirudisha kioo, nikachukua kipande cha karatasi laini nikakisogeza kwenye matundu membamba yaliyo pembeni mwa kioo cha mbele. Nilitegemea kivutwe ndani. Kilipepea kuelekea kwangu. Nikakipeleka nyuma, kwenye feni ya mgongoni: nacho kikapepea kuelekea kwangu.

Feni tatu, na zote tatu zilikuwa zinatoa.

Tukakiondoa kioo cha mbele. Feni ya kawaida ya kasha hutoa hewa upande ule wenye mikono inayoshikilia mota, na huivuta kutoka upande ulio wazi. Feni za mbele zinapaswa kuonyesha upande ulio wazi kwa nje. Hizi zilionyesha mikono. Baadhi ya feni zina vishale viwili vidogo kwenye fremu, kimoja kikionyesha panka zinavyozunguka na kingine hewa inavyokwenda. Za huyu hazikuwa navyo.

"Wewe ulizifungua lini hizi?"

Akafikiri. "Nilipoosha kichungi, kaka. Siku ileile niliyopaka pesti mara ya kwanza."

Basi hadithi yote ikajipanga. Miezi kadhaa nyuma aliona prosesa inafika 80 na kitu, na ilikuwa kweli, kwa sababu kichungi cha mbele kilikuwa kimevaa blanketi la vumbi. Akafanya jambo sahihi, akafungua feni, akaosha kichungi, na kwa kuwa ameshafungua mashine, akaona abadilishe na pesti. Aliporudisha feni, alitazama upande wenye stika ya mota, ile yenye jina na maandishi, akasema huu ndio uso, uso hukaa nje. Kioo cha mbele kikafunika kila kitu. Alipowasha gemu na kukuta hali imekuwa mbaya zaidi, alikuwa amebadilisha vitu viwili siku moja, na akamshuku yule asiyemwamini mkono wake, yaani pesti. Akaipaka tena. Kisha mimi nikaja nikaipaka mara ya tatu.

Ukijiuliza hewa ilikuwa inaingilia wapi: kwenye nyufa. Nyingi zilikuwa mgongoni, kwenye vile vibati vyenye matundu karibu na kadi ya michoro, mahali ambapo sehemu ya joto la kadi hiyohiyo hutokea. Kasha lilikuwa linakunywa jasho lake.

Ukubwa wa tatizo unaweza kukadiriwa. Mita moja ya ujazo ya hewa ikipita kwa dakika hubeba takriban wati 20 kwa kila digrii inayopanda. Ndani ya kasha kulikuwa na wati 400 hivi ukijumlisha zote. Hewa ikipanda digrii 25 juu ya chumba, inayopita ni kama mita ya ujazo 0.8 kwa dakika, kidogo mno kwa feni tatu zinazopiga kelele vile. Zilikuwa zinavuta dhidi ya kasha lisilo na mlango.

Matengenezo, moja baada ya jingine

Safari hii tulikubaliana: jambo moja, kipimo kimoja, dakika 20.

Tuligeuza feni mbili za mbele, kasha limefungwa. Hewa mbele ya hitisinki 37, prosesa 77, kadi ya michoro 76. Kisa kilikuwa kimeisha kimsingi; kusitasita kulitoweka.

Kisha nikaingia kwenye bayosi, ile mipangilio ya msingi ya mazabodi, kuangalia mpangilio wa feni. Feni za kasha zilikuwa zimefungwa kwenye joto la prosesa na zikitambaa kwa mizunguko 600 kwa dakika mpaka prosesa ipite 75. Mpangilio wa namna hii ni wa kawaida na kwa gemu ni wa kijinga kidogo, kwa sababu mwenye joto kubwa ndani ya kasha ni kadi ya michoro, na feni hazimsikilizi. Prosesa inapofika 75 hewa imeshaharibika. Niliziweka zifike mizunguko 900 kuanzia digrii 50. Hewa 34, prosesa 74, sawa kabisa na tulipocheza kioo kikiwa wazi. Na kelele ilipungua, jambo lililomshangaza kuliko yote, maana feni tatu zinazokwenda wastani na mfululizo ni tulivu kuliko zinazolala kisha kuamka kwa kishindo.

La tatu lilikuwa kwenye gemu yenyewe. Hakuwa ameweka ukomo wa fremu, yaani picha ambazo mashine hutengeneza kila sekunde. Skrini yake huonyesha fremu 144 kwa sekunde, ila mashine ilikuwa inatengeneza zaidi ya hizo, na kwenye menyu, pale ambapo hakuna kinachotokea, zilikuwa zinapita mia kadhaa. Kazi ya bure, inayolipwa kwa joto. Tukaweka ukomo wa 141. Prosesa ikashuka hadi wati 72, kadi ya michoro hadi 230, hewa ikawa 33, prosesa 66, na kwa macho yake hakuona tofauti yoyote kwenye picha.

Alitaka tuendelee. Alikuwa amesoma kuhusu kupunguza volteji kwa kila kiini, jambo linalowezekana kwenye mfululizo wa 5000 na ambalo hufaa, na kuhusu ile hali ya kubana matumizi inayoishusha dari ya wati kutoka 142 hadi 88. Nilimwambia asubiri. Mambo hayo yangeweza kumsaidia hata kabla hatujagundua feni: yangeshusha kidogo namba nyekundu, angeridhika, na kasha lingeendelea kumpika kadi ya michoro kimyakimya. Ni dawa nzuri ya mtu ambaye hewa yake iko sawa.

Kama grafu yako haifanani na hii

Wenye kipozea cha maji wana saa tofauti. Maji hubeba joto jingi kabla hayajapata moto, kwa hiyo kupanda taratibu kwa nusu saa kwao kunaweza kuwa maji tu yakijaa joto, na hiyo si kasoro hadi ijulikane yanaishia wapi. Lakini pampu ikifa, hawapati nusu saa. Namba hupanda hadi kikomo ndani ya dakika moja au mbili hata bila gemu, na ukigusa mabomba, moja huwa la moto na jingine la baridi, au yote baridi huku prosesa ikiungua. Angalia pia kama pampu imechomekwa mahali panapoipa umeme kamili muda wote. Wapo walioichomeka kwenye tundu la feni ya kasha, ikawa inazunguka nusu mwendo.

Anayeona mruko kutoka 40 hadi 90 ndani ya sekunde tatu, asifungue ubavu wala kugeuza feni. Huyo ndiye wa pesti, plastiki na skrubu.

Na anayeona wati nyingi kuliko dari la kiwandani, asilaumu hitisinki kabla hajaingia kwenye bayosi. Baadhi ya mazabodi huja yamelegeza dari hilo yenyewe ili yaonekane na kasi. Ya binamu yangu ilisoma 142 kamili, kwa hiyo nililipita hilo haraka.

Ambaye hana hata moja kati ya haya, aangalie chumba chake. Hewa ya chumba ikipanda digrii tano, prosesa nayo hupanda tano hivi, hakuna hitisinki inayoweza kupoza chini ya hewa inayopewa. Mashine iliyosukumwa ndani ya kabati la meza, mgongo ukigusa ukuta, inaishi kwenye chumba kidogo kuliko unachokaa wewe.

Wiki mbili baadaye alinitumia picha nyingine. Prosesa 65, dakika ya 40, na swali jipya: kwa nini ikiwa imetulia anaona namba ikiruka kutoka 38 hadi 55 kila anapofungua ukurasa wa intaneti? Nikamjibu kwamba hiyo ni hatua ya kwanza, ile ya sekunde: kiini kimoja kinakimbia kwa kasi yake ya juu kabisa kwa kitambo kidogo kisha kinalala, na 5800X ndivyo zilivyo. Aliniuliza kama nina uhakika, kwa sababu bado ana sirinji ya tatu ya pesti, haijafunguliwa.